Ligi ya Barua, Ama Mpira Usiohitaji Uwanja



Tangu mwezi uliopita nimekuwa nikiulizwa swali moja na akina mama wa nyumba za polisi na za jeshi: ni ligi gani hiyo wanayoizungumza watoto wao, yenye timu, msimamo na kombe, ilhali hapana mtu hata mmoja aliyeuona mpira wenyewe ukipigwa? Mama mmoja aliniambia kwa uso mkavu kwamba mumewe, aliye zamu mbali, amemwandikia barua ya kurasa mbili, na ukurasa wa kwanza wote ulimhusu beki wa kushoto. Alitaka kujua beki huyo ni nani, na anakaa wapi.

Basi leo naiweka kando habari ya kuhifadhi maharagwe niliyokuwa nimeiahidi, nimweleze mama huyo na wengine wote habari ya beki wa kushoto. Beki huyo hakai popote. Ni jina na tarakimu tano juu ya karatasi, nami ndiye niliyemzaa, usiku mmoja, kwa kalamu ya risasi.

Mchezo wenyewe huitwa mchezo wa kuongoza timu ya mpira kwa barua. Kila anayeshiriki ni meneja wa timu moja. Hupewa orodha ya wachezaji wa kubuni, kila mmoja akiwa na nafasi yake uwanjani na daraja la uhodari wake. Kabla ya siku iliyopangwa huandika maagizo: nani acheze, nani akae benchi, timu ishambulie au ijilinde, nani auzwe, nani afanyishwe mazoezi. Maagizo hayo humfikia mtu mmoja ambaye hana timu. Huyo ndiye mwendeshaji. Hufungua bahasha zote kwa pamoja, hukokotoa mechi, kisha humtumia kila meneja karatasi ya matokeo pamoja na msimamo wa ligi. Mameneja husoma, hufurahi au huudhika, na huandika maagizo mapya. Huo ndio mzunguko mmoja, na mizunguko kumi au kumi na minne hufanya msimu.

Mchezo huu kwa sura yake ya mpira umetoka Uingereza, lakini mzizi wake ni wa zamani kuliko mpira wa ligi. Watu walicheza sataranji kwa barua hata kabla ya stempu kuwapo. Mwaka 1824 chama cha sataranji cha London na kile cha Edinburgh kilichoko Scotland vilianza kushindana kwa barua, na shindano hilo halikumalizika hadi mwaka 1828, Edinburgh wakiwa washindi. Stempu ya kwanza, ile ya peni moja, ilitolewa Uingereza mwaka 1840, na tangu hapo barua ikawa kitu anachoweza kukimudu hata mtu wa kipato kidogo. Pasipo barua ya bei nafuu michezo hii ingebaki kuwa ya matajiri.

Ama yule aliyeufanya mchezo wa barua kuwa kazi ya kulipwa alikuwa askari, na hili nadhani litawapendeza wasomaji wetu. Rick Loomis, Mmarekani, alikuwa akitumikia jeshi katika kambi ya Fort Shafter huko Hawaii mwaka 1970, akaanza kuendesha kwa barua mchezo wa vita alioubuni mwenyewe. Washiriki walipokuwa wengi akaona kukokotoa kwa mkono kunamshinda, naye akakodi muda katika kompyuta, wakati ambapo kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba. Mwaka 1972, alipomaliza utumishi wake jeshini, yeye na rafiki yake waliunda kampuni iliyoitwa Flying Buffalo. Askari mwenye jioni ndefu kambini na sanduku la posta: hayo ndiyo yaliyokuwa mtaji wake.

Waingereza waliuchukua utaratibu huohuo wakauvika jezi. Katika miaka ya 1970 na 1980 wapenzi wa mpira waliendesha ligi za namna hii katika vijarida vidogo vilivyopigwa taipu na kurudufiwa nyumbani, kisha yakajitokeza makampuni yaliyotoza ada kwa kila mzunguko. Meneja angeweza kuwa karani wa benki, mwanafunzi, au dereva wa basi. Wapinzani wake walikuwa watu ambao huenda asingekutana nao maisha yake yote, lakini aliwajua tabia kwa miandiko yao. Mwaka 1982 Kevin Toms alitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Football Manager, na mtu akaweza kuongoza timu peke yake, sebuleni, bila stempu. Wengi waliuhama mchezo wa barua. Waliobaki walibaki kwa sababu moja iliyo wazi: kompyuta haijui kuandika barua ya kukuchokoza kabla ya fainali.

Mtu asishangae kwamba Waingereza waliweza kuamini matokeo ya mechi isiyochezwa. Majira ya baridi ya mwaka 1963 theluji na barafu zilifunika viwanja vyao kwa majuma mengi, mechi zikaahirishwa moja baada ya nyingine, na makampuni ya kamari ya mpira, ambayo hukusanya kuponi za ubashiri, yakakosa matokeo ya kulipia. Yakaunda jopo. Mwezi wa Januari wazee mashuhuri wa mpira, miongoni mwao Tom Finney na Tommy Lawton waliowahi kuichezea Uingereza, walikaa chumbani London chini ya uenyekiti wa Lord Brabazon, wakaamua kwa kujadiliana timu ipi ingeshinda lau uwanja ungechezeka. Watu walilipwa fedha halali kwa mechi zilizochezwa vinywani mwa wazee.

Sasa nieleze jinsi mechi inavyokokotolewa. Kanuni hutofautiana kutoka mwendeshaji hadi mwendeshaji, na makampuni huficha zao kama mpishi afichavyo kiungo cha pilau. Mimi sifichi. Ligi yetu ina timu nane, nne za nyumba za polisi na nne za nyumba za jeshi, na kanuni zake zimeandikwa katika kurasa tatu ambazo kila nyumba inazo. Nitatumia mechi moja ya kweli ya mzunguko wa tatu, ambayo nina sababu ya kuikumbuka. Ilikuwa kati ya timu ya binti mmoja wa miaka 12, anayeiongoza kwa niaba ya baba yake aliye zamu, na timu ya sajini mmoja wa polisi.

Timu ya binti ilikuwa na mabeki wanne wa daraja la 5, kwa hiyo ngome yake ilikuwa 20. Viungo watatu wa daraja la 6 walifanya 18. Washambuliaji watatu, mmoja wa 6 na wawili wa 5, walifanya 16. Golikipa wake alikuwa wa 5. Sajini alikuwa na ngome ya 19, viungo 13, washambuliaji 18, na golikipa wa 4. Utaona kwamba sajini ni mtu wa kupenda washambuliaji. Fedha zake zote huishia mbele, na katikati pake hupita upepo.

Kwa kila timu hujumlishwa viungo na washambuliaji, kisha huondolewa ngome ya mpinzani. Timu ya binti: 18 na 16 ni 34, toa 19, zinabaki 15. Kila tatu ni nafasi moja ya kufunga, kwa hiyo nafasi 5. Mwenyeji huongezewa nafasi moja kwa sababu ya mashabiki wake. Sajini: 13 na 18 ni 31, toa 20, zinabaki 11, ambazo ni nafasi 3, na mabaki hutupwa.

Kisha huja dadu. Kwa kila nafasi hurushwa dadu mbili. Goli hupatikana iwapo jumla ya dadu imezidi daraja la golikipa lililoongezwa tatu. Golikipa wa sajini ni wa 4, kwa hiyo binti alihitaji kuzidi 7, yaani 8 au zaidi. Golikipa wa binti ni wa 5, kwa hiyo sajini alihitaji 9 au zaidi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na kati ya hizo 15 hufikia 8 au kuzidi, ilhali ni 10 tu zinazofikia 9. Daraja moja la golikipa huzuia theluthi nzima ya magoli. Mameneja wapya hawaliamini jambo hili; wote hukimbilia kununua mshambuliaji.

Kuna kosa jingine ambalo kila meneja hulifanya mara moja. Huona timu yake haifungi, humwondoa beki mmoja na kumpeleka mbele. Lakini katika kanuni zetu mchezaji aliye nje ya nafasi yake huhesabiwa nusu, na nusu ya shilingi hutupwa. Lau binti angefanya hivyo katika mechi ile, ngome ingeshuka kutoka 20 hadi 15, na mbele kungepanda kutoka 16 hadi 18 tu. Nafasi zake zingebaki zilezile, kwa maana 17 ikigawanywa kwa tatu bado ni 5. Nafasi za sajini zingepanda kutoka 3 hadi 5. Binti alikwisha kulipiga hesabu hilo kabla yangu, pembeni mwa daftari lake la Jiografia.

Yaliyosalia ni ya kupita haraka. Wachezaji huzeeka: afikapo miaka 30 ya kubuni hushuka daraja moja kila msimu. Meneja anaweza kuwapa wachezaji wawili mazoezi kila mzunguko, na dadu huamua kama mazoezi yamewafaa. Kadi na majeraha yapo pia. Mapato ya mlangoni humwendea mwenyeji, katika shilingi za karatasi zisizonunua hata kiberiti.

Soko la wachezaji lataka maelezo zaidi, kwa kuwa ndipo watu wanapojulikana. Mchezaji anapouzwa hapana kupayuka bei kama mnadani. Kila meneja huandika kiasi chake kwa siri katika maagizo, na mwendeshaji hufungua yote siku moja. Mwenye kiasi kikubwa humpata mchezaji na hulipa alichoandika, hata kama aliyemfuata aliandika nusu yake. Ukiogopa unamkosa mchezaji. Ukipania unabaki bila fedha. Mama mmoja, mke wa askari, ambaye hakuwahi kuutazama mpira hadi mwisho, ndiye anayeongoza ligi yetu hivi sasa, na siri yake ni soko. Aliniambia kwamba kununua golikipa ni kama kununua mchele: ununue wakati wenzako wanashughulika na nyama.

Ugonjwa mkubwa wa mchezo huu ni meneja asiyeleta maagizo. Huko Uingereza ligi nyingi zilikufa kwa ugonjwa huo kuliko kwa ugomvi. Mtu mmoja akinyamaza, timu yake hucheza kwa maagizo ya mzunguko uliopita. Akinyamaza mara ya pili, anayekutana naye anashinda bila jasho, na wengine wanalalamika. Hivyo kila mwendeshaji mwenye busara huweka mameneja wa akiba. Kwetu akiba huwa nyumbani. Baba akipata safari ya ghafla, mama au mtoto huchukua kalamu. Timu ni ya nyumba, si ya mtu mmoja, na hilo naliona ni bora kuliko utaratibu wa Waingereza, ingawa huleta mashauri marefu wakati wa chakula.

Napenda niseme neno moja kwa walio katika sare. Barua iliyojaa tarakimu ni barua yenye kutia shaka. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili wakaguzi wa barua wa Marekani walipiga marufuku michezo ya sataranji kwa barua za kwenda ng'ambo, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kujua kama hatua ya farasi ni hatua ya farasi au ni habari ya meli. Sisi hatuko katika hali hiyo, lakini askari anayetaka kutuma maagizo ya timu kutoka kituoni amweleze kwanza afande wake, ampe nakala ya kanuni, na katika karatasi ya maagizo asiandike lolote isipokuwa mpira. Mahali alipo, wenzake ni wangapi, wanahama lini, hayo si ya kwangu wala ya binti yake. Nami katika safu hii sitaji kituo cha mtu yeyote.

Wengine waniuliza kwa nini tusitumie simu. Tunatumia. Huko Ulaya kwenyewe mchezo ulihamia barua pepe na intaneti. Ule uitwao Hattrick ulianzishwa Sweden mwaka 1997. Mwenye simu na mtandao hunitumia maagizo kwa ujumbe mfupi, na aliye karibu humtuma mtoto na karatasi. Lakini kuna vituo ambako simu hulala majuma kadhaa bila kupata mtandao, na kutoka huko barua huja kwa mkono wa dereva au wa mwenzake anayekuja likizo. Kwa ajili ya hao maagizo ya karatasi hayajafutwa. Na ilikuwa ni barua ya namna hiyo iliyonifikia siku moja ya Jumamosi, mkononi mwa binti.

Alikuja na mama yake. Alinisalimu kwa adabu, akatoa barua ya baba yake, ratiba ya ligi, na karatasi ya matokeo ya mzunguko wa tatu. Karatasi ile ilisema timu yake ilitoka sare na sajini, 2 kwa 2, sajini akiwa mwenyeji. Baba, aliyepata nakala yake kwa kuchelewa majuma matatu, aliandika mstari mmoja tu juu ya jambo hilo: kwamba yeye alidhani walikuwa nyumbani.

“Mwalimu,” binti alisema, “ratiba yako inasema tulikuwa nyumbani.”

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimegeuza majina. Nafasi ya mwenyeji niliyopaswa kuwapa wao nilimpa sajini, na mapato ya mlangoni, shilingi 300 za karatasi, nikamwandikia yeye. Wala halikuishia hapo, kwa maana mzunguko wa nne ulikwisha kupita. Sajini aliyekuwa na shilingi 100 tu alichukua zile 300, akaandika 320 katika soko, akampata mshambuliaji wa daraja la 6. Aliyemfuata alikuwa ameandika 210. Mshambuliaji yule alikwisha kuchezeshwa mechi moja, na sajini alikwisha kuibandika karatasi ya matokeo mlangoni pake.

Nilimwambia binti nitalitazama. Nakiri kwamba sikusema hivyo kwa moyo safi. Usiku ule nilikaa na daftari, nikajiambia kwamba makosa hutokea. Kwamba wajuao ni mtoto mmoja na baba aliye mbali. Kwamba kumnyang'anya sajini mchezaji aliyemnunua kwa nia njema kutaiharibu ligi nzima. Kwamba naweza kumpa binti fidia ya kimyakimya katika mzunguko ujao, daraja moja kwa mchezaji fulani, na hapana atakayejua. Hayo yote yalionekana kuwa ya busara. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele kando yangu, hakuinua macho. Aliuliza tu, “Na huyo mtoto utamwambia ndiyo nini, fidia?”

Kilichoniokoa ni tabia niliyoipata katika chuo cha ualimu, ya kutofuta hesabu. Kila mrusho wa dadu nimeuandika kwa mfuatano wake. Mirusho mitano ya binti ilikuwa 5, 9, 7, 8 na 4; yaani magoli mawili. Mirusho minne ya sajini ilikuwa 6, 11, 8 na 10. Nayo magoli mawili. Wa nne, ule wa 10, haukuwa haki yake. Na binti alikuwa na mrusho mmoja ambao haukuwahi kurushwa.

Asubuhi nilikwenda kwa sajini kabla ya kwenda kwa mwingine yeyote. Nilimkuta nje akipiga kiatu rangi. Nilimweleza yote, na daftari nikampa. Alisoma polepole akifuatisha kwa kidole chenye rangi nyeusi, akarudi juu, akasoma tena. Nilitazamia anifokee, na angekuwa na haki.

“Na mshambuliaji wangu?” akauliza.

“Anaondoka, afande. Anakwenda kwa aliyeandika 210. Mechi uliyomchezesha itabaki kama ilivyo.”

“Ile niliyofungwa.”

“Hiyohiyo.”

Alikaa kimya, kisha akasema kwamba mrusho wa sita wa binti hatauamini kama nitaurusha peke yangu chumbani. Hakusema kwa ukali, lakini alisema. Basi jioni yake tulikutana barazani kwangu, sajini, binti na mama yake, mama wa golikipa za mchele, na watoto wasiohesabika. Binti alitikisa dadu katika kikombe cha chai. Zikaanguka 4 na 2, ambazo ni 6, na si goli. Matokeo yakasahihishwa kuwa 2 kwa 1. Sajini alishuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu, na kumpa nafasi hiyo mama ambaye hakuwa na neno la kusema isipokuwa kutabasamu.

Tangu siku ile sirushi dadu peke yangu. Hurushwa barazani siku ya Jumapili, na mkono wa kurusha ni wa timu mgeni. Kazi huchukua saa mbili badala ya dakika arobaini, chai hunywewa nyingi, na mke wangu amekwisha kunipa hesabu ya sukari.

Kabla ya haya kutokea, kijana mmoja mwenye sare alikuwa amenishauri tuweke fedha kidogo, elfu moja moja za kweli, ili mchezo uwe na utamu. Nilimkatalia kwa sababu nyepesi, kwamba sitaki usumbufu wa kushika fedha za watu. Kijana huyo namfahamu. Mshahara wake wa mwezi wa Agosti uliishia katika karatasi za ubashiri wa mechi za Ulaya, na dukani alikopa unga. Baada ya mrusho ule wa sita nilimtafuta nikamweleza upya. Nilimwambia afikiri fedha zingekuwapo juu ya ile 2 kwa 2, zimekwisha kulipwa, zimekwisha kuliwa. Aniambie ni nani kati yetu angeifungua barua ya baba yule akaisoma kwa sauti. Hakunijibu. Ameomba timu msimu ujao, nami nimemwandika katika orodha ya akiba.

Kwa nyumba zinazotaka kuanzisha ligi yao wenyewe, na barua nilizopata zaonyesha ziko kadhaa, yafaa mwanzo uwe wa timu sita au nane, si zaidi. Wagawieni wachezaji kwa jumla ya madaraja iliyo sawa, 60 kwa kila timu yatosha, na kila meneja apange mwenyewe mbele na nyuma. Mwendeshaji asiwe na timu, wala mkewe, wala mwanawe. Mwanangu amenuna kwa ajili hiyo tangu mwezi wa Juni. Kati ya siku ya mwisho ya maagizo na ile inayofuata yapite majuma mawili, na kama kuna baba au mama aliye mbali, majuma matatu. Dadu mtazipata katika mchezo wowote wa ludo. Ramani ya uwanja si lazima, ingawa watoto watataka kuichora.

Barua ya baba wa binti, ambayo nimeruhusiwa kuitaja, ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza, kama alivyolalamika mama, ulikuwa wa beki wa kushoto, kwa kuwa ndiye huyo mama mwenyewe aliyeniuliza lile swali. Ukurasa wa pili sikuusoma. Aliukunja akautia mfukoni mwa gauni kabla ya kunipa ule wa kwanza.

Maagizo ya mzunguko wa sita yatapokelewa nyumbani kwangu hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mchezaji aliye sokoni safari hii ni golikipa wa daraja la 6, umri wa miaka 27. Juma lijalo, maharagwe.